Sahani ya Saa Saba

Sahani ya mtu ambaye hakuwapo ilirudi jikoni imepungua tonge moja. Mastura aliiweka mezani akaitazama. Njiwa alikuwa amemegwa kidogo kifuani, mchuzi umechotwa upande mmoja, na kijiko kimelazwa kifudifudi pembeni, jinsi anavyokilaza mtu aliyeridhika. Siku tatu zilizotangulia sahani hiyo ilikwenda imejaa na kurudi imejaa, kama ilivyokuwa miaka yote. Mastura alimshuku paka. Halafu akakumbuka kwamba paka hatumii kijiko.

Ilikuwa Mei ya mwaka 1986, masika yamekaza, Ramadhani siku ya nne. Nyumba ilikuwa ya Mtaliano mmoja mzee, Bwana Ettore, na ilijengwa juu ya mwamba wa matumbawe pembezoni mwa mtaa wa Shella, Malindi. Wataliano wengine wa mji ule walikuja kufuata jua na samaki. Huyu alikuja na picha. Ilikuwa picha kubwa ya babu wa babu zake, Duke Ruggero, na kwao duke ni mtawala wa mji na mashamba yake yote, mtu anayemwinamia mfalme peke yake. Picha ilitundikwa katika chumba cha kulia, na chini yake kikawekwa kiti cheusi chenye mikono ambacho hakuna aliyeruhusiwa kukikalia.

Duke alitawala miaka thelathini na mmoja, na alitawazwa mwezi wa Mei. Kwa hiyo kila mwaka, kuanzia tarehe ile, Bwana Ettore alisoma kitabu cha maisha yake siku thelathini na moja mfululizo, kila siku mwaka mmoja wa utawala. Saa saba mchana Mastura alipakua sahani mbili, moja ya mzee na moja ya kiti kitupu. Mzee alisoma kwa Kitaliano, kwa sauti, kisha kwa kuwa hakuwa na msikilizaji mwingine akamweleza mpishi wake kwa Kiswahili cha kuvunjikavunjika. Mwaka huu Duke alimfungia kaka yake mnarani. Mwaka huu alimwoa mke wa kaka yake. Mwaka huu alikata mizeituni ya kijiji kizima kwa sababu kengele yao ilichelewa kulia alipopita. Mastura alisimama na kitambaa mkononi akiitikia ehe, ehe, na moyoni akisema marehemu huyu alikuwa mtu hasidi na afadhali amekufa.

Masika yale ukuta ulitoka ukungu na chumba kikavunda. Mastura hakuvumilia. Kila asubuhi alifukiza udi chini ya kile kiti na kunyunyiza marashi kwenye kitambaa cha meza. Alifanya kwa ajili ya usafi tu, maana kwao chumba cha wageni kikinuka, aibu humpata mwanamke wa nyumba, hata kama nyumba si yake.

Na Ramadhani ile ilikutana siku moja na kutawazwa kwa Duke. Wapishi wengi wakifunga huweka mchuzi kwenye ncha ya ulimi, wakajua chumvi, wakatema, na mashekhe hawawakatazi. Mastura hakutaka hata hilo. Tangu alipokuwa na miaka kumi na miwili hakuwa amekula siku moja ya Ramadhani bila udhuru, na alipenda watu walijue jambo hilo. Siku tatu za kwanza alipika bila kuonja, na siku ya tatu Bwana Ettore akasukuma sahani kando akasema chumvi, chumvi, Mastura. Yeye ambaye pilau yake ilisifiwa mpaka Mambrui alirudi nyumbani amenuna, akafuturu bila hamu.

Siku ya nne akamwita Gerishom. Huyu alikuwa mtunza bustani, Mkristo kutoka bara, mwenye kishamba huko Tezo alikoishi mkewe Jedida na watoto. Walikuwa wamefanya kazi pamoja miaka mitano. Ndiye aliyempakia Fatu, binti wa Mastura, kwenye baiskeli usiku ule alipozidiwa na homa, akamfikisha hospitali mgongo wote umeloa. Mastura alimwita ndugu yangu, na hakuwa akisema kwa adabu tu.

"Nionjee, ndugu yangu," alimwambia, akamsogezea sahani iliyokuwa karibu. Ilikuwa ya Duke.

Gerishom alimega, akatafuna, akacheka. "Iko sawa kabisa, mama Fatu. Hata huyo mwenye kiti atarudi aombe ingine."

Mastura alipajaza pale alipomega, akaipeleka mezani imejaa, na mchana huo ndipo iliporudi imepungua tonge.

Bwana Ettore hakuogopa. Alifurahi. Alimshika Mastura mkono kwa mikono yake miwili, machozi yakimlengalenga, akamweleza kwamba wakati akisoma alisikia kiti kikivutwa kusogezwa mezani, na kwamba damu humjua mwenzake hata ng'ambo ya bahari. Siku iliyofuata Mastura alisimama nyuma ya mlango akasikia kwa masikio yake miguu ya kiti ikikwaruza sakafu, kisha kijiko kikigonga sahani, mara moja. Alipoingia kutoa vyombo, harufu ya udi haikuwapo kabisa. Palinuka nta ya mshumaa uliozimwa sasa hivi na sufu iliyorowa. Nyumba ile haikuwa na mshumaa.

Alijiambia ni masika. Akaendelea kupika, na Gerishom akaendelea kumwonjea, kwa sababu chumvi sasa ilikuwa ikikaa vizuri na Bwana Ettore alikuwa akisifu.

Siku ya nane Gerishom alikuja jikoni kabla ya kuitwa. Alikuwa amenawa mikono. Aliketi mbele ya ile sahani akaingoja, na alipopewa kijiko alifumba macho alipokuwa akitafuna. Mastura alimtania, akamuuliza kama Jedida siku hizi hampikii. Gerishom hakucheka. Alisema kwa sauti ya chini, kama mtu anayetaja ugonjwa wa siri, kwamba nyumbani chakula kimemkataa.

"Ugali ni kama udongo. Mboga ni chungu, maji ni chungu. Hata chai nimeweka sukari mpaka Jedida akanishangaa. Ni hii tu, mama Fatu. Hii tonge moja ndiyo chakula."

Siku ya kumi na mbili alilazimika kuukaza mkanda kwa kamba. Siku ya kumi na tano alikuwa akipumzika kila alipofyeka hatua tatu, na mashavu yake yalikuwa yameingia ndani. Mastura alimpa sahani nzima ale. Tonge la kwanza alilimeza kwa raha, la pili akalitapika mlangoni. Hapo Mastura alitambua kwamba ni yeye aliyemwita, na kumlisha kwa mkono wake.

Alikwenda kwa Bwana Ettore akamwambia yote. Mzee alimsikiliza vizuri, hata akamkaribisha kiti, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Kisha akafungua kitabu kwenye mwaka wa nne wa utawala, ule aliousoma siku ambayo Mastura alikuwa na wasiwasi wa chumvi na hakusikiliza, akamwonyesha mstari. Mwaka ule, watu wa kaka yake Duke walitia sumu katika mchuzi wa njiwa. Tangu hapo Duke hakula mpaka mtu aonje kwanza. Mtu huyo hakuruhusiwa kula kitu kingine chochote, ili akifa ijulikane sumu imetoka wapi. Wa kwanza alichukuliwa bustanini.

Mastura aliuliza walikuwa wangapi. Wanne, alisema mzee. Majina yao hayakuandikwa. Akifa mmoja, mwingine aliketishwa kabla mchuzi haujapoa.

"Na Duke mwenyewe alikufaje?"

"Kitandani," Bwana Ettore alisema. "Mzee sana. Tumbo kujaa." Akafunga kitabu taratibu. Halafu akampigapiga Mastura begani, kwa huruma ya kweli, na hilo ndilo alilolichukia zaidi maisha yake yote. "Gerishom choka, sisi tafuta nyingine. Bustani watu mingi."

Jioni ile Mastura alifuturu kwa maji tu. Kulipokucha alikwenda Mambrui kwa Maalim Omar, aliyekuwa akisomea wagonjwa na kuwatoa majini, mtu mkavu asiyependa maneno. Alimwamkia shikamoo, akaitikiwa, akaeleza. Maalim hakumkatiza. Aliuliza mambo mawili tu: nani alifukiza, na nani alimpa yule mtu kijiko. Mastura akajibu ni yeye, na ni yeye.

"Wafu hawana njaa, bibi," alisema Maalim Omar. "Huyo si Mtaliano. Ni jini wa mwamba mliojengea, alikuwa hapo hana jina. Mzungu akampa jina na kiti, akamsomea sifa zake miaka yote hiyo. Wewe ukamfukizia. Na bado angebaki kusikiliza tu. Lakini ulimpa mtu wa kumhudumia, na sasa anatawala."

Maalim alifika Shella siku ya kumi na tisa ya Ramadhani, saa sita na nusu. Bwana Ettore alimpokea kwa heshima, akidhani amekuja kumsalimu Duke. Mvua ilikuwa imeshika tangu alfajiri na chumba kilikuwa na giza la mchana. Gerishom aliketishwa chini karibu na mlango, amejifunga shuka, magoti yamemtoka. Sahani iliwekwa mbele ya kiti. Maalim akaanza kusoma, kwa sauti isiyopanda wala kushuka, na kwa muda hapakuwa na kitu ila mvua na kusoma.

Saa ya ukutani ilipogonga saa saba, kile kiti cheusi kilijivuta chenyewe kuelekea mezani, polepole, kikikwaruza sakafu kwa mlio uliomwingia Mastura kwenye meno, na ile harufu ya nta na sufu ikajaa chumba mpaka mtu akahisi ameifumbata mdomoni, na Gerishom, ambaye asubuhi ile hakuweza kusimama bila kushikwa, akanyanyuka wima kama aliyeinuliwa kwa kwapa, akatembea mpaka mezani akachukua kijiko, akamega, akatafuna, akameza, kisha akageuka kuwatazama wote kwa uso usiokuwa wake, uso mzito uliotulia wa mtu ambaye hajawahi kungoja chakula maishani mwake, akasema kwa Kiswahili cha zamani, safi, ambacho Gerishom hakukijua:

"Niliitwa, nikaja. Nilipewa kiti, nikakikalia. Nilipewa mja, naye ni wangu. Mwataka nini?"

Maalim alimwamuru atoke. Walivutana kwa maneno, neno moja akisema huyu na jingine akisema yule, hadi jasho likamtiririka Maalim kwenye ndevu. Mwishowe ile sauti ilikubali kuiacha nyumba. Ilikubali kumwacha Gerishom. Ila ilisema, bila hasira yoyote, kwamba nafasi ya mwonjaji haikai wazi, wala haikupata kukaa wazi katika utawala wake.

Maalim Omar alimgeukia Bwana Ettore. Alimtazama tu, maana kiti kilikuwa cha ukoo wake na jina lilikuwa la ukoo wake. Bwana Ettore aligeuza uso akaangalia dirishani, kwenye mvua, na akaendelea kuangalia huko.

Mastura alitambua kwamba hakuna mwingine atakayenyanyuka. Aliwaza Jedida kule Tezo. Akawaza miaka yake thelathini na minne ya kufunga bila siku moja kupotea, na jinsi alivyoisema mbele za watu, na kwamba kama siku ya nne angeweka tone moja tu kwenye ulimi akatema, yasingekuwapo haya yote. Alikwenda mezani akakitoa kijiko mkononi mwa Gerishom. Akala tonge moja mchana wa Ramadhani, akiwa mzima wa viungo vyake, akijua anachokifanya. Lilikuwa tamu kuliko chakula chochote alichowahi kupika.

Gerishom alianguka. Kiti kilitulia. Ile harufu ikaondoka kama mlango umefunguliwa.

Barazani, Maalim alimweleza masharti yake. Kila siku saa saba atapakua sahani moja, popote atakapokuwa, na kula tonge moja. Chakula kingine kitamwingia na kumweka hai, kwa kuwa amejitoa mwenyewe na hakushikwa, lakini hatakisikia utamu tena. Akifa bado yeye ndiye mwonjaji, nafasi itakufa naye. "Ila asionje mwingine kabla yako," alisema. "Akionja mwingine, wewe umeachiliwa, na ukitaka kurudi hutapokelewa."

Gerishom alipona kwa wiki mbili. Alirudi Tezo, na Jumapili moja akasimama kanisani akashuhudia jinsi mpishi wa Shella alivyomlisha majini kwa mkono wake na jinsi Yesu alivyomtoa. Si kwamba alisema uongo. Mastura alikutana na Jedida sokoni mwezi uliofuata, akafungua mdomo kumuuliza hali ya watoto, na Jedida akavuka upande wa pili wa njia. Bwana Ettore alisoma siku zilizobaki mbele ya sahani iliyorudi imejaa. Alisema nyumba sasa imekufa. Kabla ya mwaka kwisha aliiuza, akarudi kwao na picha yake na kiti chake, na Mastura hakumuaga.

Alikaa nyumbani kwake na Fatu, ambaye alikuwa ameachika na amerudi kwa mama yake. Kila saa saba alijifungia chumbani na sahani. Alimwambia Fatu kuwa ni nadhiri ya kumpikia mgonjwa mmoja, na makombo aliwamwagia kunguru nyuma ya ua. Ilikuwa hivyo siku za kawaida, na ilikuwa hivyo Ramadhani ya mwaka uliofuata, siku zote. Mlango akiufunga kwa komeo, alikula mchana, kisha jioni akaketi na majirani mkekani kufuturu tende zisizokuwa na ladha yoyote mdomoni mwake. Waliendelea kumsifu kwa kufunga kwake. Hilo lilimuuma kuliko chakula kilichokufa, lakini hakumwambia mtu. Hakumwambia hata Fatu, kwa aibu tu.

Ramadhani ya mwaka 1988 iliingia tena na mvua. Siku ya kumi Mastura aliamka na homa. Alijikokota akapika, akapakua sahani, akaiweka kwenye meza ndogo kitandani pake, akajilaza angoje saa. Usingizi wa homa ukamchukua.

Alipofumbua macho Fatu alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda na vikombe viwili vya uji wa mtama. Alimwinua mama yake, akamlisha kijiko cha kwanza. Mastura alishtuka. Uji ulikuwa na sukari. Ulikuwa na iliki pia, na ndimu kidogo, na moshi wa kuni kwa mbali, vyote vilimjia ulimini kimoja kimoja kama watu wa nyumbani wanaorudi safarini, akalia. Alisema alhamdulillahi. Alidhani amesamehewa.

Fatu alifurahi kumwona anakula. Akampangusa machozi, akamwambia asihangaike na yule mgonjwa wake leo, atampelekea yeye mwenyewe.

"Nilikuta hujaweza hata kuonja chumvi," alisema. "Mimi sifungi siku hizi, niko kwenye siku zangu. Nikakuonjea. Tonge moja tu, mama."

Mastura aligeuza kichwa kwenye meza ndogo. Kijiko kilikuwa kimelazwa kifudifudi pembeni mwa sahani.

Alitaka kusema, lakini Fatu alikuwa amekwisha kukinyanyua kikombe chake mwenyewe, cha uji wa sufuria ile ile. Alikunywa funda moja, akakunja uso, akakiweka chini.

"Huu uji una nini?" aliuliza. "Wangu mchungu."